Kuchagua modi ya flashi ukumbini: uchambuzi wa kisa cha sendofu moja

Usuli

Uchambuzi huu unahusu kazi ya usiku mmoja ya mpiga picha anayeanza, katika sherehe ya sendofu iliyofanyika kwenye ukumbi wa mji mmoja wa mikoani nchini Tanzania. Majina, mji, ukumbi na tarehe vimeondolewa, na picha zimejadiliwa kwa ridhaa ya mpiga picha mwenyewe, ambaye humu ataitwa mhusika. Nilizipitia naye picha zote, pamoja na taarifa ambazo kamera huhifadhi ndani ya kila faili: kasi ya shata (muda ambao kamera hubaki wazi kupokea mwanga), tundu la lenzi (huandikwa kwa f/, namba ndogo ikiwa ni tundu kubwa), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na kama flashi iliwaka au haikuwaka. Kwa taarifa hizo tuliweza kuufuata usiku ule hatua kwa hatua bila kutegemea kumbukumbu peke yake.

Mhusika alikuwa amepiga picha kwa takriban mwaka mmoja, karibu zote nje na mchana: ubatizo, mahafali, picha za familia chini ya miti. Mwanga wa jua aliufahamu vizuri. Flashi alikuwa ameinunua miezi michache kabla ya kazi hii, na alikuwa amepokea kwa wenzake ushauri ambao karibu kila anayeanza huusikia, kwamba TTL, modi ambayo kamera yenyewe hupima mwanga na kuamua nguvu ya flashi, ni ya wanaojifunza, na kwamba mtaalamu wa kweli huweka flashi kwenye modi ya mkono, ambayo nguvu huchaguliwa na mpiga picha mwenyewe, na haibadilishi. Nimechagua kisa hiki kwa sababu ya ushauri huo. Unawapanga watu kwa madaraja, ilhali modi za flashi hazipimi ustadi wa mtu yeyote. Kila moja imetengenezwa kwa hali fulani ya kazi, na sherehe moja inayochukua muda wa saa tano hupitia hali hizo zote.

Vifaa vyake vilikuwa vya kawaida na vilitosha. Kamera ilikuwa ya kiwango cha kuanzia, yenye kihisi (sehemu inayopokea picha) kidogo, na kikomo chake cha kasi ya shata kwa flashi ya kawaida ni 1/200 ya sekunde. Alikuwa na lenzi mbili, ya 18-55 na ya milimita 50 yenye f/1.8. Flashi yake moja ya kuweka juu ya kamera ilikuwa na TTL, modi ya mkono na modi ya kasi ya juu, ile inayoandikwa HSS, ambayo huruhusu flashi itumike juu ya kikomo hicho. Alibeba seti mbili za betri za kuchaji, nne nne.

Ukumbi nao una sehemu yake katika kisa hiki. Dari lake la jipsamu lilikuwa jeupe, kwenye kimo cha mita tano hivi, lakini eneo lote la katikati lilikuwa limefunikwa kwa vitambaa vya zambarau vilivyoning'inizwa na wapambaji. Nyuma ya meza kuu kulikuwa na pazia la sikwini za rangi ya dhahabu. Taa za LED za rangi zilizunguka ukutani, na mtu wa video alikuwa na taa yake moja ambayo aliwasha na kuzima apendavyo.

Mfuatano wa usiku

Alasiri, kabla ya kwenda ukumbini, mhusika alimpiga bibi harusi mtarajiwa picha za bustanini. Jua lilikuwa kali, naye alitaka mandhari ya nyuma yafifie, hivyo alitumia f/2.8 kwa kasi ya 1/1000 na kuiwasha modi ya HSS ili flashi ilainishe vivuli vya usoni. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa, na picha zile za bustanini ndizo bora katika kazi nzima.

Alipofika ukumbini alipunguza kasi hadi 1/500, akaweka f/4 na ISO 400, akaielekeza flashi mbele moja kwa moja na kuiweka kwenye modi ya mkono kwa nguvu ya robo. Alijaribu kwa kumpiga mhudumu aliyesimama karibu na mlango, umbali wa mita tatu. Uso ulitoka vizuri. Hakuona sababu ya kugusa kitu kingine.

Kisha mshereheshaji akatangaza, muziki ukapanda, na bibi harusi mtarajiwa akaingia akicheza na wapambe wake kuelekea meza kuu. Mhusika alisimama katikati ya njia na kuanza kupiga walipokuwa mita sita kutoka kwake, akaendelea hadi walipomfikia kwenye mita moja na nusu. Picha za mwanzo zilitoka na giza, chache za katikati zikatoka sawa, na za mwisho zikaungua: gauni la krimu likawa bapa jeupe lisilo na mshono wala shanga. Katika picha zote hizo, nzuri na mbaya, ukumbi uliokuwa nyuma ulikuwa mweusi. Mapambo ambayo familia iliyalipia hayakuonekana hata kidogo.

Dakika chache baadaye mama alisimama kumkumbatia binti yake. Flashi ilikuwa imepata joto na ilichelewa kujaa, na mhusika alipobonyeza, kamera ilipiga picha bila mwanga wowote wa flashi. Faili hilo lipo. Ukilifungua unaona kingo za mabega mawili zilizoguswa na taa ya buluu, na zaidi ya hapo huoni kitu.

Wakati wa sala ya kufungua, mhusika alirudi pembeni, akaangalia skrini ya nyuma na kuamua kuachana na modi ya mkono. Aliweka TTL, akaongeza ISO hadi 1600 na kushusha kasi hadi 1/125 ili taa za ukumbi zionekane. Mabadiliko yalikuwa makubwa papo hapo, kwani mandhari ya nyuma yalirudi na flashi ikaanza kujaa haraka. Hata hivyo tatizo jipya lilijitokeza. Wazee wa upande wa bwana harusi, waliovaa suti nyeusi na kukaa mbele ya ukuta wenye kiza, walitoka na nyuso zinazong'aa kupita kiasi, ilhali bibi harusi mtarajiwa, mbele ya pazia la sikwini na ndani ya gauni lake la krimu, alitoka na uso wenye giza na gauni la kijivu. Alijaribu kuinua kichwa cha flashi kuelekea dari. Alipokuwa katikati ya ukumbi, mwanga ulirudi ukiwa umebeba rangi ya zambarau na kuwapaka watu mashavuni.

Wakati wa zawadi, familia moja baada ya nyingine zilipita mbele, zikacheza kidogo, zikasimama na kupigwa picha na binti yao. Mhusika aliendelea na TTL kwa makundi matatu ya kwanza. Kundi la shangazi waliovaa sare nyeupe lilitoka na giza, la vijana waliovaa nguo za buluu iliyokoza likatoka na mwanga mwingi, ingawa wote walisimama mahali pamoja. Kuanzia kundi la nne alirudi kwenye modi ya mkono.

Usiku ulipokomaa na watu wakaingia uwanjani kucheza, alirudi kwenye TTL, akashusha kasi hadi 1/15 na kuchagua flashi iwake kwenye pazia la nyuma la shata, yaani mwishoni mwa muda ambao shata iko wazi. Kwa mpangilio huohuo alipiga pia tukio la kulishana keki.

Maamuzi mawili yaliyobadilisha kazi

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kuhama kutoka modi ya mkono kwenda TTL wakati wa sala. Nilipomuuliza sababu, alisema aliona kwamba watu hawakuwa wanakaa mahali pamoja na kwamba asingeweza kuzungusha kitufe cha nguvu kwa kasi ya miguu yao. Sababu hiyo ni sahihi, tena aliifikia kwa kutazama picha zake mwenyewe huku amezungukwa na kelele za ukumbi. Pamoja na hayo alipunguza kasi ya shata, kwa nia ya kupata mandhari ya nyuma tu. Hakujua kwamba kwa kushuka chini ya 1/200 alikuwa ameiondoa flashi kwenye kazi ya HSS, na kwamba hilo ndilo lililomaliza tatizo la joto na kuchelewa. Aliendelea kuamini kwamba betri zake zilikuwa mbovu mpaka tulipokaa kupitia mafaili.

Uamuzi wa pili, wa kurudi kwenye modi ya mkono wakati wa zawadi, ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu ulimtaka airudie modi iliyomwangusha saa mbili nyuma. Aliifanya kazi hiyo kwa utaratibu. Aliweka kiatu cha mpambe mmoja sakafuni kuwa alama ya mahali pa kusimama, akasogea pembeni ambako dari jeupe halikufunikwa, akakigeuza kichwa cha flashi juu na nyuma kidogo kuelekea pembe ya ukuta mweupe, akaweka f/5.6, ISO 1600, kasi ya 1/125 na nguvu ya robo. Alipiga picha moja ya majaribio, akaikuza kwenye skrini kuangalia uso na gauni kwa pamoja, kisha hakugusa tena kitu hadi zawadi zilipomalizika.

Matokeo

Familia ilipokea picha na kuzilipia. Picha za bustanini na za zawadi zilisifiwa, na za zawadi zilihitaji marekebisho machache mno kwa kuwa zote zilifanana kwa mwanga. Kilichorekebishwa kwenye moja kilinakiliwa kwenye zote. Picha za meza kuu ziliokolewa kwa sababu mhusika alipiga kwa RAW, aina ya faili inayohifadhi taarifa zote za kihisi, ingawa kila moja ilihitaji kushughulikiwa peke yake. Za kuingia ukumbini zilibaki chache sana. Sehemu zenye giza ziliweza kuinuliwa kwa kiasi, lakini gauni lililoungua halikuwa na taarifa yoyote iliyobaki ya kurudisha. Mama aliulizia picha ya kumbatio. Mhusika alimweleza ukweli na kujitolea kuwapiga familia picha nyingine bila malipo, jambo ambalo lilipokelewa kwa heshima, japo kumbatio la usiku ule halikupatikana.

Uchambuzi

*Umbali ndio unaochagua*

Mwanga wa flashi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: mtu akisogea mbali mara mbili, anapata robo ya mwanga. Msafara ulioanza mita sita ukaishia mita moja na nusu ulikaribia mara nne, maana yake mwanga uliowafikia uliongezeka mara kumi na sita. Wapiga picha huhesabu tofauti hiyo kuwa ni stopu nne, kila stopu ikiwa ni kuzidisha au kugawa kwa mbili. Nguvu iliyopimwa kwenye mita tatu ilikuwa pungufu kwa stopu mbili mwanzoni mwa msafara na ikazidi kwa stopu mbili mwishoni. Hakuna RAW inayorudisha kitambaa cheupe kilichozidishiwa mwanga kiasi hicho. Kipimo cha mhusika kwa mhudumu wa mlangoni kilikuwa sahihi kwa mhudumu wa mlangoni tu.

TTL ilibuniwa kwa ajili ya hali hii hasa. Mwaka 1975 Olympus ilitoa kamera ya OM-2, ambayo ilipima mwanga wa flashi kupitia lenzi, ukiakisiwa na filamu yenyewe, na kuikata flashi mwanga ulipotosha. Kamera za kidijitali za leo hutoa kwanza mwako wa awali ulio dhaifu, hupima unaorudi, halafu huamua nguvu ya mwako wenyewe, yote kabla jicho halijatofautisha miako hiyo miwili. Kwa hiyo mtu akija, TTL inapunguza, akienda, inaongeza. Kwa msafara unaoingia ukicheza sioni sababu ya anayeanza kutumia kitu kingine.

Zawadi ni hali iliyo kinyume. Umbali haubadiliki, flashi haihami, kinachobadilika ni nguo za wanaosimama. Modi ya mkono haizitazami nguo, na hapo ndipo thamani yake ilipo: ukishapima mara moja, uso wa shangazi mwenye sare nyeupe na wa kijana mwenye nguo ya buluu iliyokoza hupata mwanga uleule. Kuna faida nyingine ambayo mhusika aliipata bila kuipanga. Mwanga ulioakisiwa darini husafiri kwanza mita kadhaa kwenda juu na kurudi, na hivyo hatua moja mbele au nyuma ya kundi hubadilisha sehemu ndogo tu ya safari yote. Flashi iliyoelekezwa juu huivumilia modi ya mkono kuliko iliyoelekezwa mbele. Gharama yake ni nguvu: kwa dari la mita tano, kazi ambayo flashi ya mbele ingeifanya kwa sehemu ndogo ya nguvu ilihitaji robo nzima na ISO 1600. Ningelipa gharama hiyo kila mara, hasa kwa ngozi nyeusi yenye jasho la ukumbini, kwa sababu flashi ya mbele huacha doa kali jeupe kwenye paji la uso na pua, ilhali mwanga mpana kutoka juu huuchora uso mzima kwa upole na kuionyesha rangi ya mtu ilivyo.

*TTL inachokiona na isichokijua*

Kamera inapopima mwanga unaorudi, haijui kama imetazama gauni au suti. Inadhani kilicho mbele yake kina mng'ao wa wastani, wa kijivu, na inajitahidi kukifikisha hapo. Suti nyeusi mbele ya ukuta wenye kiza hurudisha mwanga kidogo, hivyo flashi inasukumwa juu na nyuso zinaungua. Gauni la krimu hurudisha mwanga mwingi, hivyo flashi inabanwa, na uso wa kahawia ulio juu ya gauni hilo ndio unaoumia zaidi. Hili linawagusa wapiga picha wa kwetu kuliko wengi, kwa kuwa ngozi nyeusi na nguo nyeupe katika fremu moja ndiyo picha ya kila Jumamosi.

Dawa yake haikuwa kuiacha TTL. Flashi na kamera zina fidia ya flashi, kitufe kinachomwezesha mpiga picha kuiambia TTL iongeze au ipunguze kuliko ilivyopima. Kwa gauni jeupe linalojaza fremu ningeanza na kuongeza stopu moja. Kwa wazee wa suti nyeusi ningepunguza kama hiyo, kisha ningetazama uso kwenye skrini na kurekebisha. Mhusika alijua kitufe kipo lakini hakuwahi kukigusa, na katika mafaili yote ya meza kuu fidia inasomeka sifuri.

Pazia la sikwini linahitaji neno lake, maana siku hizi liko karibu kila ukumbi. Sikwini hurudisha mwako wa awali kama mng'ao mkali wa hapa na pale, na TTL ikiuona hujikunja kabisa. Tuliziweka kando kwa kando picha mbili za meza kuu zilizopigwa kwa sekunde chache za tofauti. Katika moja mhusika alikuwa ameliangalia pazia uso kwa uso, na bibi harusi mtarajiwa ametoka gizani. Katika ya pili alikuwa amesogea hatua moja kushoto, mng'ao ukaruka upande mwingine, na uso ukatoka karibu sawa. Mahali aliposimama palifanya kazi ambayo alidhani inahitaji kifaa kipya.

*HSS iliyosahauliwa*

Shata ya kamera hii ina mapazia mawili yanayofuatana. Hadi 1/200 kuna wakati kihisi chote kiko wazi, na mwako mmoja unatosha. Ukizidisha kasi, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na kinachobaki ni mwanya unaopita mbele ya kihisi. Ndiyo maana HSS huifanya flashi itetemeke mfululizo muda wote wa mwanya kupita. Nguvu iliyokuwa ya mwako mmoja inagawanywa, na sehemu kubwa huishia kwenye pazia. Kwenye jua la alasiri gharama hiyo ina maana. Ukumbini usiku, kasi ya 1/500 haikumpa mhusika chochote: ilimla nguvu ya flashi, ikaipasha joto, ikamkosesha kumbatio la mama. Pamoja na ISO 400, mwanga wa taa za ukumbi ulishuka hadi sehemu moja ya kumi na sita ya ule aliokuja kuuruhusu baadaye kwa 1/125 na ISO 1600, na ndipo mandhari ya nyuma yalipopotelea. Kwenye skrini ya flashi yake alama ya radi yenye herufi H ilikuwa inaonekana tangu bustanini. Sasa huitazama kabla hajaingia mlangoni, na kasi yake ya kuanzia ukumbini ni 1/125.

*Kasi ndogo na pazia la nyuma*

Picha za uwanjani zilifanikiwa. Kwa 1/15 taa za rangi ziliingia kwa wingi, na kwa kuwa flashi iliwaka mwishoni, mkia wa mwendo ulibaki nyuma ya mchezaji badala ya kumtangulia. Kulishana keki kwa mpangilio huo kulishindikana. Watu wawili waliosimama wakiinamiana husogea kidogo tu, lakini taa ya mtu wa video ilikuwa ya kutosha kuuandika msogeo huo kwenye picha, na bibi harusi mtarajiwa akapata kope mbili kwenye jicho moja. Zaidi ya hapo, TTL ikiunganishwa na pazia la nyuma kwa kasi ndogo, mwako wa awali na mwako wenyewe hutengana kiasi cha kuonekana. Bibi mmoja aliyekuwa pembeni ya keki aliona wa kwanza, akadhani picha imekwisha na kufumba macho, wa pili ukamkuta amefumba. Kwa keki, 1/125 kwa mwanga wa kuakisiwa ingetosha, na modi ya mkono ingeondoa kabisa mwako wa awali. Kwa uwanja wa kucheza mhusika ameendelea na 1/15, ila sasa naye huweka modi ya mkono, kwa sababu wachezaji humzunguka kwenye umbali wa mita mbili hivi na hakuna anayekaa kwenye fremu muda wa kutosha ili tofauti ya nusu stopu imdhuru.